Jiwe la Ndege Chini ya Daraja

Siku moja ya mwezi wa nne, mwanangu, nakumbuka niligombana na mzee mwenye umri wa baba yangu kwa sababu ya kinyonga. Ukicheka sitakulaumu. Mimi mwenyewe siku hizi nacheka, ila maneno niliyomwambia asubuhi ile yakinijia nikiwa peke yangu, hujikuta nimekohoa na wala sina kikohozi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilitoka kwetu Tukuyu, kwenye migomba, nikaja Mufindi kwenye miti ya mipaina na ukungu kuendesha lori la magogo. Tulipakia msituni na kushusha kiwandani Mgololo, kule wanakotengeneza karatasi. Madereva wenzangu walikwenda safari mbili kwa siku. Mimi nilikwenda tatu. Waliniita Umeme, na nililipenda jina hilo kuliko Ambakisye, jina nililopewa na bibi yangu. Nilikula kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye usukani. Chai niliinywa imepoa, kwa kuwa iliyo ya moto ingenichelewesha.

Mara nyingi utingo, yaani msaidizi wa dereva, huwa ni kijana. Wangu alikuwa mzee. Aliitwa Mzee Kalinga, Mhehe wa upande wa Tosamaganga, mwembamba, mwenye koti la mvua lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Kazi yake ilikuwa kufunga minyororo ya magogo, kuweka kigingi kwenye tairi tukisimama mlimani, na kunielekeza nikirudi nyuma. Aliifanya vizuri, siwezi kumsingizia. Tatizo lake, kwa nilivyoona mimi wakati ule, lilikuwa kutazama.

"Dereva, hebu ona ukungu unavyopanda kutoka bondeni. Unatembea kama ng'ombe waliotoka kunywa maji."

"Dereva, huu mti mbona matawi yake yote yako upande mmoja? Nani kaukataza upande wa pili?"

Kabla ya kufika barabara kubwa ya kiwandani tulikuwa tunavuka mto mdogo kwa daraja la mbao. Pale hakukosa hata siku moja kuchungulia dirishani. Chini ya daraja, karibu na ukingo, palikuwa na jiwe kubwa, na juu yake alipenda kusimama ndege mdogo wa rangi ya kijivu na nyeupe ambaye mkia wake hautulii. "Yupo," Mzee Kalinga alikuwa akisema, ameridhika kama mtu aliyemkuta jirani yake nyumbani. "Yupo palepale juu ya jiwe lake." Mimi nilikuwa nakanyaga mafuta.

Basi asubuhi ile ya kinyonga, mzee aligonga mlango kwa kiganja. "Simama, dereva! Simama!"

Nilidhani mnyororo umekatika. Nikasimamisha lori kwa nguvu mpaka magogo yakalia nyuma yetu. Mzee akashuka, nikashuka, nikazunguka mbele nikiwa na wasiwasi. Nikamkuta amechuchumaa katikati ya barabara. Mbele yake kinyonga mwenye ukubwa wa kidole gumba alikuwa anavuka.

"Ona," akaniambia kwa sauti ndogo. "Kila akitaka kukanyaga, kwanza anayumba mbele, anayumba nyuma. Kwa nini? Anapima ardhi, au anajifanya jani linalopeperushwa na upepo? Miaka yote najiuliza."

Mwanangu, nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaniwaka moto. "Mzee," nikasema, "umeajiriwa kuweka kigingi. Hukuajiriwa kuchunga wadudu. Tangu leo ukiwa ndani ya gari langu sitaki kusikia ndege, wala ukungu, wala mti. Ukitaka kutazama, rudi kwenu ukatazame."

Mzee alimngoja kinyonga aingie kwenye majani, akapanda, akafunga mlango polepole. Kwetu Unyakyusa mtoto hazungumzi na mtu mzima namna ile, na kwao pia hivyohivyo. Nililijua hilo wakati maneno yanatoka, nikayaacha yatoke.

Kuanzia hapo akanyamaza. Kila asubuhi alinisalimu, "Kamwene," kama Wahehe wanavyosalimiana, akafanya kazi yake, akakaa kwenye kiti akitazama mikono yake. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya pili nikaona barabara imekuwa ndefu. Siku ya tatu nilijikuta namchungulia kwa pembeni nijue macho yake yanaelekea wapi. Kulikuwa na kitu kule nje alichokiona na mimi sikioni, na mlango wa kukijua nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Nilitamani kumuuliza. Ujinga wa ujana ulinizuia, nikakanyaga mafuta.

Siku ya tano tulishuka mlima kuelekea darajani, asubuhi, ukungu umeanza kupasuka. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha milimani usiku, ingawa tulipolala yalishuka manyunyu tu. Maji ya mto yalikuwa yamepungua tayari, na daraja lilionekana vilevile kama jana na juzi. Nikapunguza gia tuvuke.

Nikamwona Mzee Kalinga ananyanyuka kwenye kiti. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akanitazama, mwanangu, na yale macho siwezi kuyasahau, macho ya mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Kisha akaacha kuomba.

"Simama, Ambakisye."

Hakuwahi kuniita kwa jina. Nadhani ndiyo maana nilikanyaga breki kabla ya kufikiri. Tulisimama hatua chache kabla ya mbao za kwanza.

"Nini tena?" nikauliza.

"Jiwe la ndege halipo."

"Mzee, nilikwambia..."

"Ulinikataza, nimesikia. Jiwe ni kubwa kuliko meza. Limekwenda wapi?"

Alishuka akaweka kigingi kwenye tairi, halafu akateremka ukingoni akishika majani. Nikamfuata, nimekasirika bado. Tulipofika chini hasira ikaniisha. Lile jiwe lilikuwa limeegemea ukingo miaka yote, likiuzuia udongo. Mafuriko ya usiku yalikuwa yamelisukuma, yakaingia nyuma yake, yakala ardhi yote iliyobeba kichwa cha daraja. Boriti kubwa, zile ambazo lori langu lilizikanyaga kila siku mara sita, zilikuwa zinaning'inia. Nilipitisha mkono wangu wote, mpaka begani, kati ya boriti na udongo, na sikugusa kitu. Chini yetu palikuwa na mawe na maji.

Nilikaa chini kwenye matope.

Mzee Kalinga alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza. "Kuna gari," akasema. Na mimi nikasikia: kwanza nyimbo, halafu injini. Ng'ambo ya mto lilikuwa linakuja lori la kitalu cha miche, lenye akina mama waliosimama nyuma, wanaimba kama walivyoimba kila asubuhi wakienda kupanda miti. Lingetokea kwenye kona na kuingia darajani moja kwa moja, wala dereva wake asingeliona lori letu kwa ukungu uliobaki upande ule.

Nikainuka kwenye matope. Nilivuka ule mto kwa kuruka na kuanguka, maji kiunoni, nikapanda ukingo kwa magoti, nikakimbia kuelekea kwenye kona nikipunga shati langu na kupiga kelele ambazo sijui zilikuwa za lugha gani, Kinyakyusa au Kiswahili. Lori lilisimama karibu yangu kiasi kwamba niliweka kiganja kwenye bampa lake na joto likaniingia mkononi. Nyimbo zikakatika. Mama mmoja kule juu akauliza, "Huyu kijana ana nini?" Nilimwonyesha daraja kwa kidole. Nilikuwa nalia.

Mafundi walichukua siku tatu kulijenga upya lile daraja. Kwa mzigo niliokuwa nao nisingeweza kurudi nyuma kupanda mlima, na mzigo hauachwi porini, basi tulikaa palepale, mimi na mzee, tukila viazi vya kuchoma na mahindi waliyotuletea wale akina mama. Siku ya kwanza, baada ya kuzungukazunguka, nilikwenda nikachuchumaa mbele yake, nikamwomba msamaha kama anavyoombwa mzazi. Alinipa kiazi. Kwake hilo lilitosha.

"Mzee, ulijuaje kama daraja limeharibika?"

"Sikujua. Nilikuwa namtafuta ndege."

"Kwa hiyo kutazama kwako kumetuokoa."

Akatikisa kichwa, tena kwa ukali kidogo. "Usiniharibie. Ningemtazama hata kama daraja lingekuwa la chuma. Ukianza kutazama vitu ili vikusaidie, utaviangalia kama mnunuzi sokoni, na vyenyewe havitakuambia lolote."

Nikamuuliza alianza lini. Akageuza kiazi kwenye majivu. Akaniambia kwamba alipofiwa na mke wake alipitisha mwaka mzima bila kujua kama ni kiangazi au masika. Alikula kwa sababu watu walimwambia ale. Asubuhi moja akaenda kuchukua jembe, lile la mkewe, lililosimama nje ukutani. Akakuta buibui amefuma utando kutoka kwenye mpini mpaka ukutani, na umande umejaa juu yake, tone kwa tone. "Nikataka kulichukua jembe, mkono ukakataa," alisema. "Nikajiuliza, uzi wa kwanza aliupitishaje hewani? Alirukia, au aliungoja upepo? Nikakaa chini kumtazama. Nimekaa mpaka jua limekausha umande wote. Shamba sikwenda. Siku ile ndiyo nililia, dereva, maana tangu msiba nilikuwa sijalia. Na siku ile ndiyo nilikula ugali nikausikia ladha."

Tulisikiliza mafundi wakipiga misumari.

Siku ya pili nilijaribu. Nisikudanganye, ilikuwa kazi ngumu kuliko kupakia magogo. Mguu wangu wa kulia uliendelea kukanyaga mafuta yasiyokuwepo. Nilitazama mti, nikaona mti. Nilitazama wingu, nikaona wingu. Nikakata tamaa, nikaenda kujisaidia msituni, na nilipokuwa narudi nikahisi mvua kichwani. Nikatoka barabarani: hakuna mvua. Nikarudi chini ya mipaina: inanyesha. Hatua moja kavu, hatua moja mvua. Nikasimama pale kama mwendawazimu, mguu mmoja nje, mguu mmoja ndani, nikitazama juu. Ukungu ulikuwa unapita kwenye yale majani membamba kama sindano, na kila jani lilikuwa linakamata chembe ya maji kwenye ncha yake, linaingoja ikue, halafu linaiachia. Msitu mzima ulikuwa unajinyeshea wenyewe! Mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimepita hapo kila siku mara sita.

Nilimkimbilia mzee. Nikamvuta mkono, nikamsimamisha chini ya miti. "Ona! Kwa nini hapa kunanyesha na pale hapana? Na hayo majani, yanajuaje wakati wa kuachia tone?"

Alisimama akiwa amefumba macho, maji yanamtiririka usoni. "Sijui," akasema. Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Hili sikuwahi kuliona. Umeliona wewe."

Nimeoa, nimezaa, nimejenga nyumba, nimefanikiwa katika mambo ambayo watu huyaita mafanikio. Furaha niliyoipata pale, nimelowa, sina shati safi, mzigo wangu umekwama, naiweka pamoja na siku alipozaliwa mtoto wangu wa kwanza.

Daraja lilipokwisha niliendelea kuendesha, safari mbili kwa siku. Jina la Umeme lilichukuliwa na mwingine. Mwajiri wangu alinung'unika wiki mbili akazoea. Mzee Kalinga alifanya kazi na mimi miaka minne mingine, kisha macho yakaanza kufifia akarudi kwao. Nilikwenda kumtembelea mara moja tu, na hilo linaniuma, ningepaswa kwenda mara nyingi. Nilimkuta nje ameketi, haoni vizuri tena, ameegemeza mkono kwenye gome la mti, akilipapasa. Aliniuliza nina habari gani za barabarani. Nilimsimulia jioni nzima, kila nilichokiona njiani toka Nyololo kwenye barabara kuu, na yeye akaniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake.

Basi sikia, mwanangu. Juzi ulinipigia simu ukasema umechoka, moyo unakwenda mbio hata ukiwa umelala, na kila siku inafanana na jana. Sikukwambia neno kwa sababu kwenye simu maneno ya wazee husikika kama kelele. Nakuandikia sasa.

Kila siku chagua kitu kimoja kidogo, ukitazame mpaka kikuulize swali. Mvuke wa chungu, siafu njiani, mkono wa mama anayekuuzia nyanya. Usikimbilie kupata jibu, maana ukikaa na swali utatulia bila kujilazimisha. Usitazame kwa kutafuta faida. Na mtu akikwambia "hebu ona," awe mtoto, awe mzee, awe mtu unayemwona hana maana, simama uone. Usimfunge mdomo anayekuonyesha dunia. Mimi nilifanya hivyo kwa siku tano, na nusura zituangamize mimi na lori zima la akina mama waliokuwa wanaimba. Na hata kama daraja lingekuwa zima, bado ningekuwa nimepoteza siku tano za kuona.

Mungu akupe macho yasiyochoka kushangaa na moyo usioona aibu kusimama njiani. Chai yako uinywe ya moto. Na utakapozeeka kama mimi, akupe kijana wa kumwambia, "Hebu ona," naye ageuze kichwa.