Dakika Kumi na Saba za Mama Viatu

Miezi minne Mama Viatu alikaa katika nchi ngeni bila kuiona, ila kile kipande kinachoonekana kwenye dirisha la jikoni. Alikaa kwenye stuli, mgongo kwenye friji, mikono mapajani.

Huko alikotoka, yeye na mumewe walikuwa wakiuza viatu vya mitumba. Kama wenzao wote sokoni, walipanga mezani mguu mmoja tu wa kila pea; mwizi atafanya nini na kiatu cha kushoto? Ya kulia mume aliificha mwenyewe, na mahali pa kuficha alikuwa akipabadilisha. Siku moja mchana alianguka, akafa bila kusema safari hiyo kaficha wapi. Mjane akabaki na viatu vya kushoto themanini na kimoja. Tangu hapo mikono ikagoma.

Mdogo wake aliyehamia ugenini ndiye aliyemchukua, akamleta kuishi naye.

"Dada, mimi naingia kazini alfajiri," alimwambia. "Siwezi kukuacha humu kama gunia. Mwezi huu ukiisha hujainuka, nakurudisha kwa shemeji zako."

Kwa shemeji kulikuwa na chumba kimoja, na dirisha lake lilitazama ile meza ya viatu. Hofu hiyo ndiyo iliyompeleka zahanati.

"Utembee nusu saa kila siku," muuguzi alisema.

"Kumi."

"Hizi si nyanya, mama. Ishirini na tano."

"Kumi na tano, na mvua ikinyesha sitoki."

"Kumi na saba, mvua au jua. Na kila siku unapiga picha moja, Ijumaa uniletee nizione. Nawajua nyinyi watu wa sokoni."

Ijumaa akapeleka picha tano. Muuguzi akazipitia kwenye simu, akarudia.

"Hili bomba la maji ya mvua limekufuata wiki nzima?"

Mama Viatu alizipiga zote dirishani: jikoni, chooni, kwenye ngazi. "Ni bomba zuri," alisema.

"Mdogo wako akiniuliza, nitamwambia kweli."

Basi Jumamosi akatoka. Alipiga picha ya pipa la taka. Akapiga ya mkia wa mbwa, mbwa mwenyewe keshapita. Siku ya tatu macho yakashika njia yaliyoizoea, yakashuka kwenye miguu ya watu. Mwoka mikate alikuwa na unga kwenye kamba za viatu. Wakaao mlimani viatu vyao vilikuwa vimelika visigino upande wa nyuma. Postamani alikanyagia zaidi mguu wa kushoto, upande wa begi.

"Unapiga picha miguu yangu?" mwanamke mmoja alimfokea.

"Kisigino, mama. Kikikatika leo usiseme hukuambiwa."

Wiki ya tatu alitokea sokoni. Muuza viatu alikuwa amepanga pea nzima nzima, zimekaa kama maharusi.

"Kaka, hivi wewe huibiwi?"

"Mara tatu mwezi huu. Ningefanyaje?"

"Panga mguu mmoja. Wa pili tia guniani. Na gunia ukiliweka, mwambie mtu."

"Mtu gani?"

"Yeyote atakayebaki."

Yule bwana alimsogezea kreti. Mama Viatu akaketi, akaanza kutoa ya kulia, akiifuta, akiikunja soli kuona kama imekauka. Aliponyanyuka mikono ilikuwa nyeusi kwa dawa ya viatu. Akapiga picha ya meza.

Ijumaa muuguzi aliitazama ile picha.

"Hii ilikuwa dakika ngapi?"

"Saa mbili na ushee. Na yule muuza viatu kaniambia nirudi Jumatatu, kazi imemzidi."

"Basi namwambia mdogo wako hurudi popote. Na picha zimetosha."

"Zimetosha kwa nani? Niongeze mwezi."

"Wiki mbili."

"Tatu. Na hicho kiatu chako cha kulia unanipa nikakitie kisigino. Unatembea kama meza mbovu."

Muuguzi akakivua, akasimama na soksi sakafuni. Mama Viatu alikitia mkobani, kisha akaufungua tena mkoba mbele yake.

"Kiko hapa, mfuko wa ndani," alisema. "Umeona? Na nikifika nyumbani namwonyesha mdogo wangu."