Mdomo wa Ewald Piontek

Pua ya Ewald Piontek ilivunjwa mara mbili. Mara ya kwanza aliivunja baba yake, mchimba makaa, kwa sababu ya kikombe. Mara ya pili aliivunja mnunuzi wa shaba kutoka Castrop, kwa sababu mizani ya Ewald ilikuwa na maoni yake binafsi. Mnunuzi yule alibebwa taya likining'inia, na Ewald akabebwa kwenda jela miezi minane. Hakulalamika. Taya la mtu lina bei yake, naye alikuwa ameiona kabla ya kupiga.

Michezo ya mezani alijifunzia huko ndani. Kulikuwa na meza moja, ubao mmoja, na wanaume kumi na wanane ambao yeyote kati yao angekutoboa ubavu kwa mpini wa mswaki. Kilichomshangaza ni kwamba watu haohao, wakishakaa mezani, walingoja zamu. Kulikuwa na jitu lililomnyonga jirani yake kwa waya wa antena. Lilipokuwa likicheza liliinua macho na kuuliza kwa upole, "Samahani, ni wewe au mimi?" Ewald, aliyeishi kwa kupatana bei tangu ujana, alijua bidhaa akiiona.

Alipotoka alirudi mji wa Herne kwenye kiwanja chake cha chuma chakavu. Asubuhi alikuwa akiponda magari, mchana akikata vipande vya mbao. Akatunga michezo mitatu midogo, akaiuza kwa barua kutoka kibanda cha mizani. Na barua zikaanza kurudi. Wapenzi wa michezo hapa Ujerumani wana tabia yao: wakikupenda wanakuandikia kurasa nne, wa kwanza wa kukushukuru, tatu za kukupinga, na chini kabisa wanakutakia afya njema. Aliyemwandikia zaidi ya wote alikuwa Henrike Wloka, muuguzi wa chumba cha majeruhi katika mji wa Wanne. Mwanamke huyo aliusifu mchezo wa malori kwa nusu ukurasa, kisha akathibitisha kwa mchoro kwamba breki zake haziwezekani. Ewald alitukana siku mbili, siku ya tatu akabadilisha breki.

Mchezo wa nne ulimla miaka sita. Aliuita *Aprili*. Ulihusu masika ya mwaka 1920, wachimba makaa wa bonde la Ruhr waliposhika bunduki, na wanajeshi wakaja kuwamaliza. Babu yake mdogo, ambaye Ewald alirithi jina lake, aliwekwa kwenye ukuta wa kiwanda cha matofali mikono ikiwa juu, akapigwa risasi ya shingo. Nyumbani kwa akina Piontek habari hiyo ilisimuliwa kila Pasaka pamoja na supu.

Mchapishaji, Bi Lüdecke, aliupenda. Lakini alikuwa na sharti ambalo watu wa kazi hii wote wanalijua: wageni wapewe boksi na kitabu cha sheria, wacheze hadi mwisho, na mtunzi asimame ukutani. Haruhusiwi kusema neno wala kugusa ubao.

"Mimi siwezi kukufunga ndani ya kila boksi, Bwana Piontek," alimwambia. "Kama kitabu hakijitoshi, mchezo haupo."

Jaribio la kwanza Ewald alipiga kelele kabla saa haijaisha. La pili alimshika mwalimu mmoja kola akamtumbukiza kwenye kreti za chupa tupu. Hili lilikuwa la tatu, na la mwisho.

"Ukifungua mdomo," Bi Lüdecke alisema, "nafunga faili."

"Na kupumua?"

"Kwa pua. Ukiweza."

Walikutana Jumamosi saa nne asubuhi, chumba cha nyuma cha baa, harufu ya bia ya jana ikiwa bado kwenye zulia. Wachezaji walikuwa watatu. Henrike aliomba mwenyewe kuja. Gisbert Rogalla, dereva wa tramu mwenye shingo nene kama nguzo ya bandarini, alikuja kwa sababu alikuwa na michezo yote mitatu ya Ewald na wa nne aliuota. Torben Assmuth, karani mwembamba wa ofisi ya kodi, alikuja na penseli mbili zilizochongwa.

Torben akachukua wanajeshi. Henrike na Gisbert wakagawana miji ya wachimba makaa.

Saa mbili za mwanzo zilikwenda kama Ewald alivyokuwa akiota. Reli zilikatwa. Daraja lilianguka na watu wake. Gisbert alivamia kambi, akawaua wanajeshi kumi na mmoja kwa zamu moja, akagonga meza kwa furaha hadi glasi zikaruka. "Unaona hiyo, karani? Hiyo haina fomu ya rufaa!"

Torben alileta mizinga, akazingira miji mmoja baada ya mwingine. Kufikia saa sita vipande vya wachimba makaa vilikuwa vimelazwa ubavu kila mahali, kama kitabu kilivyoagiza: anayezingirwa analaza kipande, maana yake amenyoosha mikono.

Kilichofuata kilitoka kwenye kosa ambalo mtunzi wa michezo tu ndiye anaweza kulifanya. Kiwanjani kwa Ewald, walikoujaribia mchezo, kila mtu alijua kwamba aliyelala haguswi, anapelekwa kizuizini. Ewald alikuwa ameisema sheria hiyo kwa mdomo mara nyingi sana, hata hakuwahi kuiandika.

Torben alisoma ukurasa wa tisa mara mbili. "Kila kipande cha adui unachokiondoa kwenye ubao ni alama moja," akasema. "Waliolala ni vipande vya adui?"

"Wamejisalimisha," Henrike akasema.

"Sijauliza hivyo, dada. Nimeuliza kama ni vipande."

Akanyoosha kidole, akakisukuma cha kwanza kikaangukia kwenye kifuniko cha boksi. Tak. Cha pili, tak.

Ukutani, Ewald aliuma meno. Sentensi moja ingewaokoa wote. Bi Lüdecke hakuwa anauangalia ubao, alikuwa anauangalia mdomo wake.

Torben aliua mji mzima wa Henrike. Akahamia kiwanda cha matofali, ambacho Ewald alikichora kwa mkono wake, ukuta kwa ukuta. Tak. Tak. Sauti ilikuwa ndogo na kavu, na Ewald aliisikia shingoni.

"Hao wenye nyeupe ni wauguzi, Torben," Henrike akasema.

"Kipande kimoja, alama moja. Sikuandika mimi."

"Gusa kingine," Gisbert akasema, "nakuvunja kidole."

"Ngoja zamu yako."

"Babu yangu alifukiwa shimo moja na watu hao, we panya wa mafaili!"

Torben akaondoa kingine. "Basi angekimbia mapema."

Ngumi ilipita juu ya meza ikampata katikati ya uso. Mfupa ulilia, damu ikaruka hadi Dortmund ya kwenye ubao. Kila mtu alitarajia karani aanguke, lakini hakuanguka. Alinyakua glasi nzito ya bia akampasulia Gisbert sikioni. Gisbert alinguruma, akamkaba koo, akamburuta hadi kwenye kikanza cha ukutani cha kupasha chumba joto, akaanza kumgongesha kisogo kwenye chuma. Henrike alining'inia mkononi mwake, akatupwa chini kama koti. Uso wa Torben uligeuka rangi ya bitiruti, miguu yake ikapiga mateke hewani, kisha ikalegea.

Sharti lilisema asiseme na asiguse ubao. Halikusema chochote kuhusu wachezaji. Ewald alikuwa amejifunza kusoma hivyo kwa Torben, asubuhi ileile.

Aliingia katikati. Kiwiko cha Gisbert kilimkuta mdomoni, na jino la mbele likaondoka. Ewald akampiga moja tu, ya ini, fupi, kutoka chini, ile ambayo chuma kizito humfundisha mtu. Gisbert alikaa chini ghafla, macho yamemtoka. Ngumi ya pili ilikuwa tayari angani na taya lilikuwa pale, wazi. Ewald alilitazama, akakumbuka bei, akakunjua mkono.

Mdomo ulikuwa umejaa damu. Kutema kungeweza kutoka na tusi. Akameza.

"Amesema?" Bi Lüdecke aliuliza.

"Hajasema," Henrike alijibu kutoka sakafuni.

"Basi jaribio linaendelea."

Torben alirudi akitambaa, akaketi, akajisokomeza karatasi puani. Shingo yake ilikuwa na vidole vitano vyekundu. "Bado zamu yangu," alisema kwa sauti ya chura. "Nilikuwa nimefika wa tatu kutoka kushoto."

"Cheza, mavi wewe," Gisbert akasema, ameshika ini.

Torben akaua waliobaki. Akashinda.

Baada ya mchezo watu hawa wana desturi yao: kila mchezaji anamwambia mtunzi alichokipenda na anachokipinga, ana kwa ana, kwa adabu, na mtunzi anasikiliza.

Torben alianza. "Sijawahi kuongoza mchezo huku najichukia. Hiyo ni sifa, Bwana Piontek, ya juu kabisa. Pingamizi ni ukurasa wa tisa. Andika kwamba waliolala hawaguswi, kwa sababu kama mtu anaweza, mimi nitafanya."

"Naunga mkono," Gisbert akasema. "Na samahani kwa jino, mzee. Mchezo wa ajabu. Barua nitaandika."

"Sentensi moja," Bi Lüdecke akasema, "na tunachapa."

"Kwa heshima zote, mimi napinga," Henrike akasema. Jicho lake lilianza kuvimba. "Mchezo wako naupenda kuliko yote mitatu. Kwa hiyo usiupake sabuni. Mwaka ule, pale ukutani, nani aliwakataza wanajeshi? Mwache mtu aweze. Toa alama tu. Aue, asipate kitu, tumwone."

Ewald alilipima pingamizi hilo kama anavyopima mzigo. Torben alitaka mlango ufungwe. Lakini yeye alikuwa ameishi na wezi wa shaba maisha yake yote, na alijua kufuli haijawahi kuwazuia. Kilichowazuia ni mwaka ambao hapakuwa na mnunuzi.

Akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu saa nne. Damu ilimtoka kidevuni.

"Alama zinatoka. Katazo haliandikwi."

"Watu watalalamika," Bi Lüdecke akasema.

"Wataniandikia. Kurasa nne nne. Nazisoma."

"Mchezo umezidi urefu kwa nusu saa. Nimekuambia mwaka mzima."

"Chukua kadi za hali ya hewa. Zote. Unaniachia ukuta."

Bi Lüdecke akapeana naye mkono kabla Ewald hajabadili nia.

Ewald alikata mstari wa alama kwa penseli ya Torben. Gisbert aliokota jino chini ya meza, akaliweka kando ya boksi. Wakaagiza soseji ambazo wawili kati yao hawakuweza kutafuna, wakapanga ubao upya, damu na yote. Safari hii Ewald aliruhusiwa kuketi na kusema apendavyo. Alichukua kiwanda cha matofali. Torben akachukua tena wanajeshi.

Mizinga ilifika. Ewald akalaza vipande vyake kumi na viwili kwa mpangilio, kimoja kimoja.

Torben aliwatazama muda mrefu. Hakukuwa na faida yoyote pale. Kidole kikatoka, kikakaa hewani, kikashuka.

Tak.

Kimoja tu. Gisbert aliangalia mikono yake mwenyewe kama ya mtu mwingine.

"Kwa nini?" Henrike akauliza.

"Nilitaka kujua," Torben akasema. Akakwangua damu iliyokauka mdomoni, akainua macho kwa upole. "Samahani, Bwana Piontek. Ni wewe au mimi?"

Ewald alikuwa na ruhusa ya kusema chochote.

"Ni mimi," akasema, akavuta ubao karibu.