Mjane Mwenye Ndevu

Eustorgio, fundi majokofu wa mtaa wa Barrio Abajo mjini Barranquilla, hakutaka ubunge wala utajiri. Alitaka kuwa mjane mkuu. Kila Jumanne ya mwisho ya kanivali mtaa humzika Joselito, yule marehemu wa kuigiza wa kila mwaka, na wajane wanaomlilia ni wanaume waliovaa magauni meusi. Miaka nenda miaka rudi Eustorgio alibeba jeneza tu. Mwaka huu Mama Carmenza, mkuu wa kundi, alimwita mbele za watu.

"Mjane mkuu ni wewe. Ila siku hiyo nikute shavu laini kama yai, la sivyo unarudi kwenye jeneza!"

Furaha gani ile! Alipofika nyumbani alimnyanyua mkewe Nubia juu juu, wakazunguka jiko zima, wali wa nazi ukaponea chupuchupu.

Jirani yake Hernando, mmoja wa wajane wa kundi, mwenye ndevu zilizonyooka na ngozi isiyojua kulalamika, alimpa siri yake. "Nyoa kila siku, ndugu yangu. Ngozi huzoea. Mimi hunyoa asubuhi na jioni, nitazame!"

Eustorgio akanyoa kila siku. Izoee wapi! Shingo ilivimba, vipele vikajaa kidevuni, wembe ukipita unaacha damu. Naye kwa ubishi wake akazidi kuukandamiza, mpaka kinyozi Rogelio alipomwona na kushika kichwa.

"Weka chini huo wembe! Ndevu zako za kipilipili, kama zangu. Ukizikata chini kabisa zinajikunja, zinaingia ndani ya ngozi. Za Hernando zinatoka moja kwa moja. Utashindana naye vipi, bwana wewe?"

"Sasa nifanyeje? Kanivali hiyoo imefika!"

"Ziache ziote."

"Mjane mwenye ndevu? Rogelio, unataka nizikwe mimi?"

Lakini uso uliwaka moto, akakubali. Jumanne ilipofika vipele vilikuwa vimetulia, na ndevu zimefunika mashavu yote. Alivaa gauni aliloshonewa na Nubia, akashusha shela nyeusi hadi kifuani, akatoka.

Mama Carmenza hakudanganyika. Alifunua shela, akaguna. "Makubwa haya! Hernando, chukua nafasi yake. Na wewe Eustorgio, kashike jeneza."

Ngoma zilikuwa zimeshapamba moto, watu wamefurika njia nzima. Eustorgio alilitazama jeneza lile lile la miaka yote. Hakupanga neno. Aliitupa shela, akajibwaga juu ya jeneza.

"Joselitooo! Mume wangu weee! Tangu uanze kuumwa sijala, sijalala, wembe sijaugusa! Waone hawa, asubuhi ya msiba wamekaa kwenye kioo wananyoa! Hao ndio waliokupenda?"

Njia nzima ililipuka. Wanawake walikaa chini kwa kicheko, wapiga ngoma wakapoteza mapigo, na Mama Carmenza akajifuta machozi kwa pindo la gauni.

"Lia, mwanangu, lia!" alipiga kelele. "Hernando, shika jeneza wewe. Mjane gani umenyolewa hivyo?"

Msafara ukaondoka, Eustorgio mbele akigaragara kwa raha zake. Kwenye kona Hernando, jasho likimtiririka chini ya jeneza, alimsogelea.

"Ndugu yangu," alinong'ona, "mtu afanyeje apate ndevu nene kama hizo?"

Eustorgio alipangusa machozi, akampapasa lile shavu laini.

"Nyoa kila siku," akamwambia. "Ngozi huzoea."