Anayeagiza Ndiye Anayevaa Kwanza

Mwanamkuu si mgomvi. Mgomvi ni mimi. Tunakaa chumba kimoja mtaa wa Najma, na kila nikirudi kutoka kazini nimevimba kwa hasira huniambia, "Husna, kunywa maji kwanza." Ni mtu wa Tanga, fundi cherehani wa hoteli moja kubwa hapa Doha. Mimi napiga pasi hukohuko, meza yangu iko nyuma ya cherehani yake. Kwa hiyo haya sikusimuliwa, nimeyaona.

Chumba chetu cha kushonea kina sharti moja. Arnold, meneja wa sherehe, Mkenya wa Nairobi, aliwahi kuagiza suruali za kubana kwa ajili ya wahudumu. Siku ya harusi mhudumu mmoja akainama kuweka sinia, suruali ikapasuka nyuma mbele ya wageni. Tangu hapo Mwanamkuu hashoni yunifomu mpya mpaka aliyeiagiza avae sampuli yeye mwenyewe, aketi, ainame, anyanyue mikono. Arnold alicheka, akakubali.

Basi mwaka huu ikaja kampuni ya Kimarekani ikitaka karamu ya mtindo wa kizamani, mfano wa maonyesho makubwa yaliyofanyika kwao, St. Louis, mwaka 1904. Hadi hapo sina neno. Lakini Arnold, kwa kujipendekeza kwake, akachimba kwenye simu akakuta kwamba maonyesho yale yalikuwa na vijiji, na ndani ya vijiji wamewekwa watu. Watu, jamani! Wamarekani walikuwa wametoka kuipiga vita Ufilipino na kuitwaa, kisha wakawapakia wenyeji wake melini wakawaweka uani watazamwe. Na Waafrika kutoka Kongo nao wakapelekwa. Arnold akaona hilo ni pambo. Wafilipino wetu wakae kijiji kimoja, sisi Waafrika kingine, wageni wapite na glasi zao wakipiga picha. Mavazi ni kipande cha kitambaa kiunoni, na kwa wanawake kingine kifuani, basi. Jina langu lilikuwamo kwenye orodha yake, mimi mwanamke wa Kizanzibari ninayejistiri mpaka vidole.

Akatuambia ni mchezo tu. Mchezo! Mtu mweusi mwenzangu, anakula ugali kama mimi, anathubutu kuniambia nikae uchi zizini nichekwe, halafu aseme ni mchezo. Hana haya hata chembe.

Maricel, Mfilipino anayemsaidia Mwanamkuu kushona vifungo, alingoja Arnold atoke. Ndipo akatueleza kwamba baba wa bibi yake alikuwa mmoja wa watu wale, kijana wa milimani. Kwao mbwa alichinjwa kwa tambiko, mara mojamoja. Kule waliletewa mbwa kila wakati wawachinje na kuwala, ili umati upate cha kushangaa. Wenzake wengine walifia hukohuko. Yeye alirudi, lakini hadi anakufa alikula ameelekea ukutani, hataki kutazamwa na mtu.

Mkataba wa Maricel ulikuwa unakwisha, na wa kuupitisha ni Arnold.

"Dada," akamwambia Mwanamkuu, "nikikataa, ananirudisha nyumbani. Nikikubali, bibi yangu nitamtazama vipi?"

Nikainuka nikamtolee Arnold yote yaliyonijaa kifuani. Mwanamkuu akaniambia ninywe maji. Akavuta kitambaa, akakata.

Kesho yake Arnold akaja kukagua, na wahudumu wote waliopangiwa vile vijiji wakiwa wamesimama wanasubiri kupimwa. Mwanamkuu akampa kile kipande.

"Cha nani hiki?"

"Chako. Vipimo vyako ninavyo."

Akacheka peke yake. "Auntie, mimi ni meneja. Nitasimamaje na hiki mbele ya watu?"

Mwanamkuu akamwonyesha pazia la kubadilishia nguo. Akamwambia kwa upole kabisa avae, atoke, aketi, ainame, anyanyue mikono, kama ilivyo kawaida. Maricel alikuwa pembeni ameshika pini, tayari kumrekebishia kiunoni. Hakuna aliyecheka. Arnold akakigeuza kile kitambaa, akatutazama mmoja mmoja, kisha akakiweka juu ya meza yangu ya pasi na kuondoka.

Vijiji vikafutwa. Maricel akapata mkataba wake, maana sababu ya kumnyima ingebidi aieleze kwa wakubwa. Lakini unadhani bwana yule aliomba radhi? Aliwaambia wakubwa kwamba fundi ameshindwa kushona mavazi. Mwanamkuu, aliyeshona magauni ya maharusi wa Tanga nzima! Wakamtoa kwenye cherehani, wakamweka dobini akunje mataulo. Mimi nikalia kwa hasira, yeye anakunja.

"Kweli nimeshindwa," akaniambia. "Ile kazi imenishinda, na naomba izidi kunishinda."

Ijumaa Maricel akaja kwetu Najma. Mwanamkuu alipika wali wa nazi, akaupakua kwenye sinia moja, tukakaa chini kwenye mkeka. Maricel akasogea, akaketi kutuelekea, akala.