Nilivyomwibia mkwe wangu ganda la magnum, Rungwa

Wakuu, habari za majukumu. Vijana mtakaonisalimu, marahaba. Haya ni ya kweli na aibu yake ni yangu, sina wa kumsingizia.

Mimi ni mzee wa huku Rungwa, mfuata nyayo za wanyama kwenye kambi ya wawindaji.

Msimu uliopita alikuja mgeni, mzee wa Kizungu, na bunduki ya magnum 8mm. Wengi hamjaisikia. Hata sisi tuliozoea bunduki za .375 tuliishangaa.

Risasi zake hazipatikani kirahisi madukani, na ndicho alichoipendea. Alizitengeneza mwenyewe kwao, akiyajaza upya maganda yaleyale ya risasi zilizokwisha kupigwa.

"Ya dukani ni chakula cha hoteli," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Hii napika mimi, najua chumvi yake."

Anachagua kichwa cha risasi chepesi au kizito, anajaribu, anarekebisha. Ugonjwa kabisa, wakuu.

Sasa huku kwetu ganda tupu ni kikopo cha ugoro. Wageni wengine huyaacha porini, tunaokota. Nikaokota moja la huyu mzee, nikampa mkwe wangu, baba wa kijana aliyemuoa binti yangu. Alifurahi sana.

Siku chache baadaye, jioni, mgeni akakagua maganda yake. Moja halipo. Akayahesabu tena na tena, uso kama wa aliyefiwa.

Boss wa kambi akaniita pembeni. "Mzee, kesho lisipoonekana, usirudi kazini."

Na zawadi uliyompa mkwe huiombi tena. Ni matusi.

Asubuhi nikaenda kwake na ganda la .375 mfukoni. Hayo ni ndugu, kitako kile kile chenye mkanda, ila la .375 lina shingo pana zaidi. Mkwe alipoliacha ganda lake nje na kuingia ndani kunitafutia kiti, nikahamisha ugoro, nikabadilisha, nikatulia kama mtu wa heshima zake.

Akatoka, akagonga ganda kiganjani kama alivyozoea. Likamwaga rundo. Akavuta bila kuangalia.

Wakuu, alipiga chafya mpaka kofia ikaanguka na kuku wakatawanyika. Mkewe akachungulia kutoka jikoni.

"Baba Juma, leo umevuta pilipili?"

Mimi nimeuma midomo nisicheke.

Alipopata pumzi akautazama mdomo wa ganda, kisha akanitazama mimi.

"Mkwe, ungesema una shida, ningekupa mwenyewe. Sasa nimeibiwa na mtu niliyekuwa namtafutia kiti."

Niliondoka hata chai sikunywa.

Nilipomrudishia, mgeni alilifuta ganda lake kwa leso, taratibu, kama uso wa mtoto. Hakuuliza lilikuwa wapi. Kazi yangu ipo mpaka leo.

Kwa mkwe pia bado nakaribishwa. Kiti napewa, chai napewa. Ila nikikaa tu, ugoro anausogeza upande wa pili.

Nilichojifunza: aibu ya kuomba ingeisha siku ile ile. Hii nyingine naikuta kila nikienda kumsalimia binti yangu.

Wenye wakwe, na mnaoijua hiyo magnum, karibuni mniseme. Msinitukane sana tu, wajukuu zangu wanapita humu.