Wamirindi wa Sombetini

Upepo wa Julai ulikuwa ukilipiga bati moja lililolegea juu ya pagale la jirani, na bati lile halikuchoka. Lilianza kugonga kabla hatujaamka, likaendelea tukiwa shuleni, na tulipopanda kitandani bado lilikuwa linagonga, kama mtu anayebisha hodi asijue kwamba wenyewe walishahama. Mwenye pagale alikuwa amesimamisha kuta, akaezeka upande mmoja, kisha akaenda Mererani kutafuta mawe ya tanzanite na hakurudi. Sombetini ya utoto wangu ilijaa nyumba za aina hiyo: nondo zimechomoza angani, madirisha hayana vioo wala mbao, magugu yameota palipokusudiwa sebule. Msimu ule wa baridi ukungu ulishuka mpaka kwenye mapaa, ukatufichia mlima Meru siku nyingi mfululizo, na hewa ikawa na harufu ya moshi wa mkaa, samadi ya mbuzi na vumbi jeusi lililolowa. Kila mtu alitembea haraka. Hata kuku hawakutulia.

Nyumbani hatukutulia kwa sababu nyingine. Baba yetu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alikuwa ameondoka na shehena ya kwenda Kongo wakati mvua za masika hazijakatika, na tangu alipofika Tunduma namba yake haikupatikana tena. Mama alikuwa na kibanda cha mchele na maharage soko la Kilombero. Asubuhi kabla ya kufunga kanga kiunoni alipiga ile namba, akasikiliza sauti ya yule dada wa mtandao, akaiweka simu juu ya kabati, akatoka. Jioni alirudia tena. Mimi, Aika, nilikuwa darasa la nne. Dada yangu Ndeshi alikuwa darasa la saba na alikuwa akihudhuria mafundisho ya kipaimara. Mama alitutuma mara nyingi kuliko ilivyohitajika, maji, chumvi, kibiriti, nadhani ili nyumba isikae kimya.

Wamirindi walizaliwa kwa sababu ya methali. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliandika ubaoni, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama," akatuamuru tueleze maana. Darasa zima tulikodoa macho. Sisi tulikuwa watoto wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Nyumbani tuliongea lugha za mlimani, zilizojaa ndizi na ng'ombe na ukungu, halafu shuleni tukapewa lugha hii yenye chumvi ndani yake. Bahari haishi zinge. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Tulizikariri methali hizo kama tunavyokariri majina ya sayari. Nilipomuuliza Ndeshi nahodha ni nini, alifikiri kidogo akasema ni dereva wa meli. Neno lile, dereva, likabaki likining'inia kati yetu. Siku iliyofuata baada ya shule aliniingiza ndani ya pagale, akanisimamisha penye upande usio na paa, akasema, "Hapa ndipo mbele ya meli. Kuna watu walioishi zamani sana, kabla ya Wachaga, kabla ya mtu yeyote. Walikaa baharini. Tutawatunga mimi na wewe."

Aliwaita Wamirindi, kwa sababu ngoma zao zilirindima chini ya sakafu ya meli. Mambo ya bahari aliyatoa kwenye methali. Mambo ya miti aliyatoa kwa bibi yetu wa Marangu, kwenye kihamba, shamba lake la migomba, ambako tulipelekwa kila Krismasi na ambako jani la isale likifungwa fundo huweza kumaliza ugomvi ambao umeishinda mahakama. Kwa hiyo viongozi wa Wamirindi hawakuwa wafalme. Walikuwa makuhani wa miti. Katikati ya kila meli palikuwa na sanduku la udongo, na ndani yake mti mbichi wenye mizizi, na kuhani alilala chini ya mti huo akiusikiliza. Majani yakigeuza mgongo, nchi kavu iko karibu. Mti ukidondosha jani bila upepo, mmoja wa mabaharia anasema uongo. Mtoto akizaliwa alipandiwa mti wake ufukweni, na hakuna aliyeruhusiwa kung'oa nanga kabla hajauaga. Mti haukukatwa mpaka uombwe radhi kwa lugha yao, na lugha yao tuliitunga pia, neno kwa neno, tukigombania sauti zake. "Hapana, hilo linafanana na Kiingereza," Ndeshi alikuwa akisema, akilitupa. Penye miti hapana wajenzi, wahenga walisema. Katika pagale lile lisilo na mti hata mmoja, sisi tulikuwa tunajenga taifa.

Ndeshi hakujua kucheza nusunusu. Aliacha kula vizuri. Alikuwa akikatiza katikati ya kuosha vyombo ili aniambie jinsi Wamirindi wanavyohesabu umri au kwa nini hawali ndege. Alipata mche wa mringaringa kando ya mfereji, akaupanda kwenye ndoo iliyopasuka mdomo, akauweka katikati ya meli. Tulijipaka majivu usoni na kuvaa shingoni majani ya isale tuliyoyachuma kwenye ua wa mzee mmoja njia ya Olasiti. Kisha siku moja, bila kuniambia kwamba mchezo umebadilika, alipiga magoti mbele ya ile ndoo akauliza kwa lugha yetu ya kutunga, "Nahodha wetu yuko wapi?" Nilimwelewa. Nilipiga magoti pia. Tangu siku hiyo hatukuuliza kitu kingine. Tuliimba swali lilelile kila alasiri, tukiyaangalia majani manne ya mche yaliyokuwa yakitetemeka kwa baridi, na bati lilitupigia ngoma juu.

Nyuma ya pagale ilikuwa nyumba ya Mama Upendo, mwimbaji wa kwaya na rafiki wa mama katika jumuiya. Alitusikia kupitia dirisha lisilo na kioo. Alichokiona ni watoto wawili wenye majivu, wenye majani shingoni, wanaouomba mti kwa lugha isiyojulikana, na alipomvuta Ndeshi mkono na kumuuliza mambo gani haya, Ndeshi alimjibu kwa ukweli kabisa, "Shikamoo mama. Hawa ni makuhani wa watu wa baharini." Yeyote aliyekulia kwetu anajua maneno hayo yaliangukia wapi. Watu wa baharini, katika masikio ya kanisa, wana jina moja tu: majini. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja njiani. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba binti wa Mama Ndeshi ameingiwa na pepo wa bahari, na wapo waliosema kwamba ndiyo maana baba yake hapatikani.

Mama alirudi kutoka sokoni akiwa ameshaambiwa njiani. Alikwenda moja kwa moja kwenye pagale, akaung'oa ule mche kwa mikono yake, akawatupia mbuzi. Sikuwahi kumwona mama akiharibu kitu kilicho hai. Kisha wakaja wanawake wa maombi, wakamweka Ndeshi katikati ya sebule na kumwekea mikono kichwani, wakimwamuru pepo ajitaje. Jambo lilikuwa rahisi. Angetetemeka kidogo, akaanguka, akataja jina lolote, angefunguliwa, wakamkumbatia, na uji ungenyweka. Wenzake wengi wamewahi kufanya hivyo ili tu wakalale. Lakini Ndeshi alisimama wima, jasho likimtoka katika baridi ile, akirudia neno moja, "Nimewatunga. Nimewatunga." Mama Upendo, ambaye simlaumu kwani alilia kweli kwa ajili yetu, alimwambia mama kwamba pepo huyu ni mjanja, anajificha nyuma ya mtoto. Mwinjilisti aliyefundisha kipaimara alisema jina la Ndeshi litaondolewa kwenye orodha mpaka ajulikane ni wa nani.

Tukaitwa kwa mchungaji. Nakumbuka ofisi ya usharika ilivyonuka nta ya sakafu na machungwa. Mchungaji alikuwa mtu mrefu wa upande wa magharibi wa Meru, mwenye sauti ya chini, anayefuga ng'ombe wake mwenyewe na kuja ibadani na matope kwenye viatu. Mama alikaa pembeni na kitenge chake amekikaza mabegani. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania mkono wa kiti chake.

"Shikamoo, mchungaji," Ndeshi alisema.

"Marahaba, binti. Wanasema una pepo wa baharini."

"Sina. Ni watu niliowatunga mimi na mdogo wangu."

Mwinjilisti aliguna kutoka mlangoni. "Mtoto ambaye hajafika hata Korogwe, atayajuaje mambo ya baharini?"

Mchungaji alimwinulia mkono. Alimgeukia Ndeshi. "Pepo, kwa nilivyofundishwa, huja na majibu yake tayari. Anayetunga hana, inabidi atafute. Basi nitakuuliza jambo ambalo hukuwahi kulifikiria. Hawa watu wako wakigombana, wanapatanaje?"

Ndeshi aliinuka. Alianza kutembea. Ndani ya ofisi ile ndogo, mbele ya mchungaji, alitembea kutoka dirishani mpaka kabatini na kurudi, akijikuna kiwiko, na mimi nilitamani kumwita akae. Halafu akasimama. "Wanawekwa kwenye mtumbwi mmoja, mmoja kushoto, mmoja kulia, kila mtu na kasia lake. Wanasukumwa kwenye maji. Mmoja akipiga kasia peke yake, mtumbwi unazunguka palepale. Wakifanikiwa kurudi nchi kavu, kesi imekwisha."

Mchungaji alicheka mpaka miwani ikashuka puani. "Mtumbwi huo ningeuhitaji kwenye baraza la wazee," alisema. Hata mwinjilisti alitabasamu akiangalia chini. Nilidhani yamekwisha. Lakini mama aliuliza kwa sauti ambayo sikuifahamu.

"Na mtu aliyeondoka, Ndeshi. Hakuna aliyemwona akifa. Hakuna anayejua alipo. Hao watu wako wanaufanya nini mti wake?"

Dada yangu alikuwa na jibu la kila kitu. Alijua Wamirindi walivyozika, walivyooa, walivyopima kina cha maji kwa nyimbo. Sasa alimgeukia mama.

"Hao bado sijawatungia, mama," alisema.

Ndipo mama akalia. Miezi yote ile hakuwa amelia mbele yetu, na sasa alilia bila kujifunika uso, na Ndeshi akaenda akapiga magoti akaweka kichwa mapajani pake. Mchungaji alitoka nje akamvuta mwinjilisti shati, wakatuachia ofisi.

Ndeshi alirudishwa kwenye mafundisho. Wapo ambao hawakumwamini kamwe, na kwa muda mrefu watoto wa Mama Upendo walikatazwa kucheza nasi. Kuhusu baba, jibu lilikuja mvua za vuli zilipokaribia. Dereva mwenzake alifika nyumbani, akazungusha kofia mikononi kabla ya kusema: mzima, hajambo, yuko Tunduma, ana duka la vipuri na ana mke. Mama alimwongezea chai. Mgeni alipoondoka, mama alichukua simu kabatini, akaenda nayo sokoni, na hakuipiga ile namba tena. Mimi nilimsubiri Ndeshi atunge sheria ya watu wa aina hiyo, wasiokufa na wasiorudi. Nilimfuata mpaka kwenye pagale. Alisimama penye upande usio na paa, akautazama Meru, uliokuwa wazi siku hiyo mpaka kileleni, akasema anasikia baridi, turudi ndani. Desemba alipata kipaimara akiwa amevaa nguo nyeupe iliyomzidi urefu.

Siku hizi pagale lile ni ghorofa, chini kuna duka la dawa, na barabara imewekwa lami. Binti yangu anajenga falme nzima kwenye simu kwa kidole kimoja na hakuna mtu anayekuja kumwombea. Wakati mwingine natamani angalau mtu mmoja ashtuke. Mama amezeeka, mguu unamsumbua, amehamia kwangu Olasiti, na huwasimulia wajukuu habari za Wamirindi kana kwamba walikuwa majirani zake, akinisahihisha nikikosea. Ndeshi ni muuguzi. Ameshafanya kazi Babati, Singida, Tabora, sasa yuko Kibondo. Kila anapozoeleka anaomba uhamisho, na tukimuuliza anasema miguu inamwasha. Nilidhani mimi ndiye niliyetulia, mpaka mwaka huu nilipotumwa Tanga kwa mafunzo ya kazi na nikaiona bahari kwa mara ya kwanza. Maji yalikuwa yamekupwa. Vijana walicheza mpira kwenye tope mahali ambapo, kwa mawazo yangu, palipaswa kuwa na kina kisichopimika, na chupa za plastiki zililala kwenye majani yaliyooza. Ilikuwa ndogo kuliko ile tuliyokuwa nayo. Nikampigia simu dada yangu.

"Ndeshi, niko baharini. Naiona."

Nilisikia watoto wachanga wakilia nyuma yake, wodini.

"Usiniambie ikoje," akasema haraka. "Nieleze habari za mguu wa mama."

Nikamweleza habari za mguu wa mama, dawa ya kuchua, na fimbo anayoikataa, nikitembea mchangani kwenda na kurudi, nisiweze kusimama mahali pamoja, nikiwa nimeyapa maji mgongo.