Siku Mama Alipotoa Bungoma

Majivu ya moto yakimwagiwa maji hutoa harufu ambayo sijui niieleze vipi. Ni kama udongo wa mvua ya kwanza, lakini ndani yake kuna ukali wa chuma. Juzi mpishi wa shule ninayofundisha alizima jiko kwa ndoo nzima ya maji, nami niliyekuwa napita kwenda darasani nikasimama mlangoni pake nikasahau nilikokuwa nakwenda. Mpishi akauliza kama nimeungua. Nikamwambia hapana, nimekumbuka kitu tu. Mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Tangu nimalize chuo nimekuwa nikipima kila jambo mpaka wakati wake unapita. Lakini hili halikungoja kupimwa. Lilinirudisha utotoni, kwetu Bungoma, kwenye miaka ile iliyofuata vita vya pili vya dunia.

Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya reli, kwenye kipande cha shamba ambacho mjomba alimgawia mama. Baba alikuwa mchochea moto, yaani mtu wa kutupa kuni katika tumbo la injini wakati dereva anashika mitambo. Alikuwa amehamishiwa Kitale, na kila mwisho wa mwezi alikuja nyumbani. Hakuja kama abiria. Wenzake walimpakia kule mbele kwenye injini, kwa hiyo treni ilipoingia Bungoma tulimwona amesimama karibu na moto, mweusi kama sufuria, akijifuta uso kwa kitambaa kichafu kuliko uso wenyewe. Watoto wote wa karibu na stesheni walimkimbilia. Mimi sikukimbia. Nilitembea polepole, ili kila mtu apate nafasi ya kuona kwamba ni wangu.

Sasa nawaambia juu ya mchezo wetu, maana bila huo hakuna hadithi. Kila mtu anajua kwamba ukishindwa kutegua kitendawili unatoa mji, ndipo upewe jibu. Watoto wa kwingine hutoa mji wowote, hata Makka. Sisi wa kando ya reli tulikuwa na sheria yetu: mji uwe ni mahali treni inaposimama, na aliyepewa mji sharti asafiri mpaka huko kwa mdomo, akitaja kila stesheni kwa mpangilio wake. Akiruka hata moja tulimwambia, "Umeanguka kwenye treni," na mji ukarudi kwa mwenyewe. Asiporuka, mji ulikuwa wake mpaka mtu amtegee kingine na kumshinda. Stesheni tulizijua kwa kusikia kutoka kwa baba zetu. Wengi wetu hatukuwa tumepita hata Webuye.

Bingwa alikuwa Rehema, binti wa fundi cherehani aliyekaa karibu na msikiti. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya mtu mzima, na vitendawili vyake vilikuwa na meno. "Hula msitu mzima, na mavi yake hayanuki." Hiyo ni injini na majivu yake. "Ana kisima mbele, ghala la kuni nyuma, na bado kila mji anaomba maji." Injini tena, ile kubwa iliyobeba tangi lake la maji mbele. "Hana macho, hana mdomo, akinyoosha mkono hata fahali anasimama." Huo ni mkono wa ishara, ule ubao uliokuwa juu ya nguzo kabla ya stesheni. Barasa, jirani yetu, hakuwahi kutegua hata kimoja. Alikuwa ametoa Mombasa mara nyingi sana hivi kwamba tulishangaa bahari bado iko.

Mimi nilikuwa na sheria yangu ya siri: sitoi Kitale. Nilitoa Tororo, nilitoa Eldoret, nilitoa Nairobi yenyewe, lakini Kitale niliiweka. Siwezi kusema niliamini hasa nini. Nadhani niliona kwamba mahali alipo baba hapatakiwi kuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Kisha mwisho wa mwezi mmoja ukafika na baba hakuja. Gadi wa treni alituletea kifurushi cha sukari na salamu, akasema baba ana kazi nyingi. Mwisho wa mwezi uliofuata ikaja sukari tena, bila baba. Kisimani wanawake walianza kunyamaza mama alipofika, na mama alikuwa akijua maana ya kunyamaza huko. Mmoja wao hakunyamaza. Alisema kwamba Kitale kuna baridi, na mwanamume hawezi kulala peke yake kwenye baridi. Mama alijitwika mtungi wake akaondoka. Njiani nilimuuliza baba atakuja lini. Akasema, "Atakuja akija."

Ilikuwa jioni ya siku hiyohiyo Rehema aliponitegea hiki: "Nyumba yangu ina milango mingi, na kila asubuhi inaamkia mtaa mwingine." Leo ninyi mmekwisha kujua kwamba ni behewa. Mimi nilikuwa nikifikiria baridi ya Kitale. Nilifikiri konokono, nikafikiri mwezi, nikashindwa, na miji yote ilikuwa imeniishia isipokuwa mmoja.

"Toa mji, Nafula," Rehema alisema. "Si kuukalia kama kuku na yai."

Nikautoa. Rehema akapanda treni. Alitaja Webuye, akataja Lugari, akataja Turbo. Leseru alishuka, kwa sababu hapo ndipo njia ya Kitale inapojitenga na njia kubwa, akapanda nyingine, akapita Soy na kile kituo cha darajani, bila kukosea hata stesheni moja. Desturi ilimruhusu kueleza alichokikuta huko, na kadiri alivyotuchoma ndivyo alivyosifiwa. "Nimefika Kitale," akasema, "nimemkuta baba Nafula amekaa kwenye kiti, anakula nyama. Nikamwambia mtoto wako anakusalimu. Akaniuliza, ati mtoto yupi?"

Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, maana usipocheka ndiyo wanazidi. Mama alikuwa kwenye mlango wa jikoni akipukuchua mahindi. Niliona mikono yake imesimama, punje zimekwama katikati ya vidole.

Watoto walipokwenda zao, nilingoja anigombeze. Badala yake aliniuliza, akiangalia mahindi, "Huko Leseru, mtu anashuka, ama treni yenyewe inakunja kona?"

Nikamwambia anashuka.

"Na akishuka, anangoja wapi?"

Hapo sikujua. Katika mchezo hatukungoja. Mtu alishuka na kupanda kwa pumzi moja. Jioni zilizofuata alinirudisha kwenye maswali hayohayo kama mtu anayepitisha muda. Baada ya Lugari ni wapi? Turbo iko upande huu au ule? Mimi nilifurahi. Nilifikiri mama anataka kucheza na sisi. Haikunipitia akilini kwamba mama yangu, aliyevuna magunia ya mahindi na kuzalisha ng'ombe kwa mikono yake, hakuwa amewahi kupanda treni, hakujua kusoma vibao vya stesheni, na aliona aibu kumuuliza mtu mzima mwenzake njia ya kumfuata mume wake.

Asubuhi moja aliamka akavaa kitambaa chake cha kanisani, akamfunga kuku miguu, akaniambia nioge.

Behewa la daraja la tatu lilikuwa na benchi za mbao na moshi ulioingia kwa kila dirisha. Mama alikaa wima, kuku mapajani, akinitazama mimi na si nje. Kila treni ilipopunguza mwendo nilimwambia jina kabla hatujafika, naye akaitikia kwa kichwa. Webuye ilikuja. Lugari ikaja. Nilianza kuona kwamba dunia imepangwa vizuri, inafuata mdomo wangu.

Kisha treni ikasimama mahali ambapo hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kupataja. Palikuwa na tangi la maji juu ya miguu ya chuma, miti, na mbuzi. Kama tulikuwa tumeruka stesheni moja, basi zote zilizofuata zilikuwa za uongo, na hapakuwa na Leseru, na hapakuwa na Kitale, na mimi ndiye niliyemleta mama huku.

"Mama," nikasema, "tumeanguka."

Mama akasimama na kuku wake. Alikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona kabla, wa mtu aliyefukuzwa. Alikuwa tayari amefika mlangoni wakati mwanamke mmoja mwenye kapu la mayai alipomshika gauni.

"Kaa, mama. Hapa injini inakunywa tu. Wewe unaenda wapi?"

"Kitale," mama akasema, na nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina hilo mbele ya mtu asiyekuwa mimi.

"Si hata mimi naenda huko. Kaa tu."

Tukakaa. Mwanamke yule alimpa mama yai la kuchemsha, na Leseru alituonyesha mahali pa kungojea.

Kitale kulikuwa na baridi kweli. Nyuma ya stesheni kulikuwa na injini imesimama juu ya shimo refu, na chini yake mtu alikuwa amepiga magoti akivuta majivu kwa jembe lenye mpini mrefu, mwingine akiyamwagia maji. Mvuke na harufu ile vilitupiga usoni. Aliyepiga magoti alikuwa baba. Tulisimama karibu naye kabisa, naye akainua uso, macho mekundu yakitoka machozi, akatutazama kama watu wawili wasiojulikana.

"Nani?" akauliza.

"Ni sisi, Baba Nafula," mama akasema.

Alitupeleka kwenye chumba chake katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Mama alipoingia aliangalia kitanda, akaangalia misumari ya nguo ukutani, akaangalia chini ya meza. Kulikuwa na koti moja, sufuria moja na kikombe kimoja. Niliona mabega yake yanashuka. Baba alichemsha chai. Alisema mvua ni nyingi huku. Alisema kazi ni nyingi. Aliuliza habari za mjomba, habari za mahindi, habari za ng'ombe, na kila swali lilipojibiwa alitafuta jingine haraka, mpaka habari zikamwishia na tukabaki na sauti ya kuku aliyekuwa akikwaruza sakafu.

Mama alikunywa chai yake yote. Akaweka kikombe chini.

"Baba Nafula," akasema, "hiki chako kimenishinda. Nakupa Bungoma."

Baba alicheka kwanza, kwa kuwa mama hakuwa mtu wa michezo. Kisha akaacha kucheka. Anayepewa mji hana ruhusa ya kuficha jibu. Hata yeye alikulia kwenye sheria hiyo. Akaanza kusema, akiutazama mlango.

Alisema macho yake yameungua kwa kuangalia moto miaka yote hiyo. Alisema siku moja alimwambia dereva kwamba mkono wa ishara umewapa njia, kumbe umenyooka, na ni dereva mwenyewe aliyewahi breki. Alipelekwa mbele ya daktari, akawekewa nyuzi za sufu za rangi mbalimbali mezani, akaambiwa achague nyekundu. Aliokota mmoja. Daktari aliandika tu. Tangu hapo hakupanda tena injini. Alipewa jembe la majivu.

"Ningeshukaje pale Bungoma?" akasema. "Nitoke behewa la nyuma, watoto wamesimama mbele wananingojea?"

Mama hakumpa pole. Alisema tu kwamba kuku atahitaji sufuria kubwa kuliko ile.

Mimi nilikuwa nimekasirika. Nilimvuta mama nguo nikamnong'oneza kwamba alikuwa na uhuru wa kuchagua, angetoa Leseru, angetoa hata pale mahali pa tangi la maji pasipo na mtu. Nani hutoa mji wa kwao wakati vijiji vya bure vimejaa njiani? Kwa akili yangu mama alikuwa amecheza vibaya sana, na niliona aibu kwa ajili yake.

Kabla ya msimu wa kupanda tulihamia Kitale. Shamba la ng'ambo ya reli lilirudi kwa mjomba, ng'ombe wakamfuata, na kisima, na wanawake wa kisimani, na kaburi dogo la kaka yangu aliyenitangulia, ambalo mama alilipalilia kila Jumamosi na ambalo mpaka leo sijui nani analipalilia. Katika chumba kile cha reli hapakuwa na udongo hata wa kupanda kitunguu. Jioni mama alimwongoza baba kwenye njia zenye mawe, akitembea hatua moja mbele kana kwamba ni haraka zake tu, ili watu wasione kwamba anamwongoza.

Nilikuwa tayari mtu mzima, nimekaa mbele ya barua ya kazi nikipima tena na tena nini nitapata na nini nitapoteza, nilipoelewa kwamba mama alifanya hesabu hiyo yote katika muda wa kikombe kimoja cha chai. Alijua mji mdogo ungepata jibu dogo. Katika mchezo wetu aliyetoa mji aliruhusiwa kuupigania hata kesho yake. Mama ameishi Kitale miaka yote hii, na hajawahi kuomba mji wake urudi.